Maradhi Haya ya Wanaume Yapewe Jina

Katika mtaa wa Kware ninakoishi, upande huu wa Embakasi Kusini, majirani huniita Daktari. Walilisikia neno hilo likitamkwa na mwanafunzi wangu aliyekuja kunitembelea, wakalishika bila kuuliza ni udaktari wa nini. Nami sikuwasahihisha. Jioni moja, stima ikiwa imepotea kama ilivyo ada, majivuno yangu yalinirudia. Nilikuwa napanda ngazi kwa mwanga wa simu nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa keyateka wa nyumba zetu, mtu wa makamo aliyeshapita miaka hamsini, baba wa watoto watano, ambaye mimi humwita Mzee kwa heshima.

"Daktari," akaninong'oneza, "nina shida ya kiume."

Nilimjibu kwa aibu kwamba udaktari wangu ni wa lugha, na kwamba sijawahi kuishika sindano ila ya kushonea vifungo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi hata jina lake tu niambie. Nikifika pale dirishani, foleni ya watu iko nyuma yangu, niseme nini?"

Nimefundisha isimu chuoni kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na nimesimamia tasnifu kadhaa za semantiki. Swali la mzee yule lilinishinda. Nikamwambia aende tu, wataelewa. Hilo lilikuwa jibu la mtu mvivu, na makala haya ndiyo deni ninalolilipa.

Naomba radhi mapema kwa walimu na wanafunzi ambao hawajazoea kuliona jambo hili katika ukurasa huu. Wahenga, ambao hawakuwa watu wasio na haya, walisema mficha uchi hazai. Tulitazame jambo lenyewe.

Tuanze na hazina ya maneno tuliyo nayo. Lipo kwanza neno hanithi, lililotujia kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake hubeba maana ya ulegevu na ya mwanamume mwenye mwenendo wa kike. Neno hilo halitaji ugonjwa hata kidogo. Humtaja mtu, tena kwa dharau, na ndiyo sababu hutumika kama tusi zaidi kuliko kama maelezo. Lipo fungu la pili, la mafumbo: jogoo asiyewika, jogoo asiyepanda mtungi, betri iliyokwisha. Haya huchekesha sana kwa kinyozi mpaka siku anayechekwa awe ni wewe. Fungu la tatu ndilo lililoenea redioni, magazetini na mabangoni, yaani ukosefu au upungufu wa nguvu za kiume. Watu wengi hulichukulia hili kuwa ndilo neno la adabu. Mimi ndilo ninalolilaumu kuliko yote.

(Kitenzi cha tendo lenyewe tunacho, nacho ni kudinda. Kwa bahati mbaya magazeti yetu yamekitwaa kwa maana ya kukataa katakata, hata kila wiki twasoma kwamba mheshimiwa fulani amedinda, na msomaji wa Mombasa akaangua kicheko peke yake asiweze kumweleza mtu.)

Kwa nini nalilaumu neno nguvu? Kwa sababu katika Kiswahili nguvu ni kitu kinachowekwa akiba, kinachopungua, kinachoisha na kinachoongezwa. Mtu huishiwa na nguvu kama anavyoishiwa na unga. Ukishaikubali sitiari hiyo, hatua inayofuata huja yenyewe: kilichopungua na kiongezwe. Hapo ndipo muuza mizizi anapopata riziki yake, maana yeye huuza viongezo. Na hilo neno kiume lililobandikwa nyuma huufunga mshipa mmoja wa damu kwenye utu mzima wa mwanamume. Mwenye ugonjwa wa figo haambiwi kwamba amepungukiwa na ubinadamu. Mwenye mtoto wa jicho haambiwi kwamba amepungukiwa na utu uzima. Huyu peke yake, kabla hajapimwa chochote, huwa amekwisha kuvuliwa uanaume na sarufi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwili wenyewe haufanyi kazi hivyo. Ndani ya uume mna tishu zilizo kama sifongo, zenye misuli laini. Wakati wa kawaida misuli hiyo huwa imekaza, na damu inayoingia ni kidogo. Mwanamume anapovutiwa, ubongo hupeleka habari kwa njia ya neva, kisha neva na kuta za mishipa hutoa oksidi ya nitriki, na misuli ile hulegea. Ikishalegea, ateri hupanuka, damu huijaza sifongo, nayo sifongo kwa kujaa kwake huzibana vena ambazo zingeitoa damu nje. Basi, ndivyo uume unavyosimama. Kinachotakiwa ni misuli kulegea na damu kupita. Nguvu haimo katika hesabu hiyo. Waliogundua kwamba oksidi ya nitriki ni mjumbe wa mishipa ya damu, yaani Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998.

Ndiyo maana pia hofu ni adui mkubwa wa jambo hili. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini na ateri hukaza. Mwanamume aliyeshindwa usiku mmoja kwa sababu ya uchovu au pombe, akauingia usiku wa pili akijikagua kama mtahiniwa, aghalabu hushindwa tena kwa sababu ya kule kujikagua. Kushindwa mara moja mbili si ugonjwa. Matabibu huanza kuliita tatizo linapodumu kwa miezi kadhaa. Tena huuliza swali moja rahisi: je, alfajiri anapoamka huwa uume umesimama? Ikiwa ndiyo, yaelekea mishipa na neva ni nzima, na chanzo huenda kikawa katika fikira, katika hofu, au katika nyumba yenyewe. Ikiwa usingizini nako hakuna kitu, na hali hii ilikuja polepole, basi mishipa ya damu na itazamwe.

Hapa ndipo pana uzito wa mambo. Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2, ilhali zile zinazoulisha moyo zina milimita 3 hadi 4. Mishipa ikianza kuharibika kwa lehemu, sigara, kisukari au shinikizo la damu, iliyo myembamba ndiyo itakayolalamika kwanza. Watafiti wa maradhi ya moyo wamebaini kwamba kwa wanaume wengi shida hii hutangulia dalili za moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Fikiri maana yake, msomaji. Mwanamume amepewa onyo miaka kadhaa kabla ya moyo wake kumwangusha, na lugha yetu imemfundisha kwamba onyo hilo ni aibu, alifiche.

Wala hawa si watu wachache. Utafiti mashuhuri wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 1994, uliowahusu wanaume wa miaka 40 hadi 70, ulikuta asilimia 52 wana tatizo hili kwa kiwango fulani, dogo au kubwa. Kwa wenye kisukari, tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba takribani nusu wanalo. Kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Panga hesabu hizo mbili pamoja, kisha utembee Kware saa kumi na mbili asubuhi, wanaume wanapomiminika kwa miguu kuelekea viwandani, ukajiulize ni wangapi miongoni mwao wamekwisha kuonywa na miili yao wakanyamaza.

Mimi ni mmoja wa walionyamaza. Nilikuwa na miaka 44. Nilijiambia ni umri, kisha ni mgomo wa wahadhiri na karo za watoto, kisha ni joto la nyumba. Nilianza kukesha mezani nikisahihisha karatasi za mitihani zilizokwisha kusahihishwa. Mama watoto hakusema neno kwa miezi mitano, na aliposema aliniuliza kwa sauti ya upole sana huyo mwanamke mwingine anakaa wapi. Nilikwenda hospitali mara mbili, na mara zote mbili nilipoulizwa kinachonisumbua nilisema "uchovu". Nikapewa vitamini. Simlaumu aliyenipa, kwani uchovu ndio ugonjwa niliomtajia. Mara ya tatu nilikutana na daktari mama mtu mzima ambaye, baada ya kunisikiliza, aliweka kalamu chini akauliza, "Na chumbani je, baba?" Nilikaribia kumdanganya. Sukari yangu ya asubuhi, kabla ya kula, ilikuwa 13.8. Mimi, ninayelipwa mshahara kwa kazi ya maneno, nilikaa karibu mwaka mzima na kisukari mwilini kwa kukosa neno moja la kumwambia daktari.

Turudi mtaani. Wasiofahamu Kware huenda wakadhani umepewa jina la yule ndege. La, ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, lililovishwa sauti za Kiswahili, kwa kuwa hapa palichimbwa mawe. Kutoka kwangu hadi steji nimewahi kuhesabu mabango kumi na saba ya waganga kwenye nguzo za stima, na kumi na mawili yalitaja nguvu za kiume, pamoja na kurudisha mpenzi, kupata kazi na kushinda kesi. Angalieni walivyopangwa pamoja! Maradhi ya mishipa ya damu yamewekwa kwenye orodha moja na bahati mbaya mahakamani. Kando ya steji yupo kijana anayeuza mukombero, ule mzizi unaotafunwa tangu jadi magharibi mwa nchi hii. Sina ugomvi naye, na ladha yake hata mimi naipenda. Ugomvi wangu ni na unga usio na jina, unaofungwa katika karatasi za magazeti. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana wao, uitwao vumbi la Kongo.

Nisieleweke kwamba ujinga huu ni wa Waafrika. Mwaka 1889 mwanafiziolojia Brown-Séquard, akiwa na miaka 72, aliwatangazia wanasayansi wenzake mjini Paris kwamba amejidunga maji ya makende ya mbwa na ya panya wa Guinea akarudiwa na ujana. Katika miaka ya 1920 Serge Voronoff alitajirika huko Ufaransa kwa kuwapachika matajiri vipande vya makende ya nyani. Walikuwa wasomi wakubwa, na wote wawili walikuwa wakiongeza nguvu.

Hatari ya unga ule wa karatasini ni kwamba pengine hufanya kazi. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali, ikiwemo Marekani, zimetoa maonyo mara nyingi baada ya kupima bidhaa zinazodaiwa kuwa za mitishamba na kukuta zimetiwa sildenafili kwa siri. Hiyo ndiyo dawa iliyoidhinishwa Marekani Machi 1998 kwa jina la Viagra, baada ya kujaribiwa kwanza kama dawa ya maumivu ya moyo. Ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua kuitoa. Lakini mwenye moyo mgonjwa anayetumia dawa za jamii ya nitreti akiichanganya nayo, shinikizo lake la damu laweza kuporomoka ghafla hata akafa. Sasa, mtu aliyenunua karatasi ya unga pale steji atajuaje kilichomo? Na akizimia, mkewe atamwambia daktari amekula nini?

Kuhusu matibabu sitasema mengi, maana nimekwisha kukiri udaktari wangu ni wa nini. Yatosha kujua kwamba kazi huanza kwa kupima shinikizo la damu, sukari na lehemu, na pengine homoni ya testosteroni, na kuyatibu yaliyoonekana. Kuacha sigara, kupunguza pombe na kitambi, na kutembea kila siku ni sehemu ya tiba yenyewe. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za sonona zaweza kuileta shida hii. Mwenye kuhisi hivyo asizitupe, bali amrudie aliyemwandikia ili zibadilishwe. Mwenye hofu huhitaji mazungumzo, na ni bora mkewe awepo. Vidonge vipo, na visipofaa kuna pampu, sindano na upasuaji. Tena tusichanganye jambo hili na utasa kama tunavyozoea kufanya: asiyesimamisha huenda mbegu zake zikawa nzima kabisa, na mwenye watoto kumi aweza kupatwa na shida hii kesho.

Nawageukia walimu wenzangu wa Kiswahili. Kila mwaka twafundisha tasfida, na vyema, maana lugha isiyo na adabu ni kama nyumba isiyo na mlango. Lakini mlango hufunguliwa pia. Twawafundisha wanafunzi kwamba mja mzito amejifungua na kwamba mtu amekwenda haja, na kila anayesikia huelewa kilichotokea. Hiyo ndiyo tasfida inayofanya kazi: huficha ukali wa jambo, wala haifichi jambo. "Nguvu za kiume" zimefanya kinyume chake. Zimeacha ukali wote palepale, na kilichofichwa ni mishipa, damu, sukari na moyo. Mwalimu anayetaka mfano wa kufundishia tofauti hiyo katika kidato cha tatu anao hapa, na sidhani mzazi yeyote atamshtaki.

Wenzetu wa Kiingereza walikwisha kuupitia mjadala huu. Walikuwa na neno lao la zamani, lenye asili ya Kilatini, ambalo maana yake ya msingi ni kutokuwa na uwezo wowote, neno linalomfaa hata mfalme aliyepinduliwa. Desemba 1992 taasisi za taifa za afya za Marekani ziliwakusanya wataalamu, nao wakapendekeza neno hilo liachwe kwa kuwa ni la kudhalilisha na tena halielezi kitu, mahali pake pawekwe istilahi inayotaja hitilafu ya kusimama kwa uume, basi. Hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, inapozungumzia ndoa inayoweza kubatilishwa, humtaja yeyote kati ya wawili ambaye tangu siku ya ndoa hakuweza kuikamilisha. Haina habari na nguvu wala uanaume.

Nasi uwezo huo tunao. Ulipozuka ugonjwa ulioitwa "slim" na majina mengine ya kutisha, Kiswahili kilijitungia UKIMWI, ufupisho unaotaja kinga ya mwili na kupungukiwa kwake. Unyanyapaa haukwisha kwa sababu ya neno. Hata hivyo, mwalimu aliyesimama mbele ya darasa na kulifumbua neno hilo silabi kwa silabi alikuwa amekwisha kueleza nusu ya ugonjwa. Kinyume chake nakiona katika "ugonjwa wa sukari", jina linalomfanya jirani yangu aamini kwamba aliyeacha sukari katika chai amekwisha kupona, na katika "presha", ambayo hapa mtaani huponywa kwa kuambiwa usijali.

Pendekezo langu ni "hitilafu ya kusimika". Si tamu, najua. Mwenye neno bora na alilete, sitalilia langu. Ninachosisitiza ni kwamba lisimtaje mwanamume bali kiungo, lisiseme kimeisha bali kimepata hitilafu, kwa kuwa hitilafu hutafutiwa chanzo.

Na wanaohusika na afya wasidhani kazi imebaki kwa wanalugha. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba yenye vipima shinikizo la damu na vipima sukari. Ni jambo la kupongezwa. Wengi wao ni kina mama, na katika ploti zetu aghalabu ni jirani wa mlango wa tatu, rika la binti yako. Mzee gani wa miaka hamsini na mitatu atamwambia huyo? Afundishwe basi kuuliza kwa njia ambayo mzee aweza kuijibu kwa kuitikia kichwa tu, na kila zahanati iwe na mahali ambapo mtu hatakiwi kutamka shida yake dirishani, watu thelathini wakimsikiliza.

Keyateka wetu, nusura nimsahau. Baada ya wiki kadhaa za kukwepana ngazini, nilimwandikia maneno matatu kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia asiseme chochote, ampe tabibu akisome. Akarudi jioni na kitabu chake cha kliniki. Shinikizo lake lilikuwa 178 kwa 110. Katika maisha yake yote hakuwahi kupimwa. Ameanza dawa, na kuhusu jambo lenyewe simuulizi. Juzi nilimkuta langoni akizungumza kwa sauti ya chini na fundi wa mabomba, mtu wa rika lake, naye fundi amekunja uso akitazama chini. Nilipokaribia wakanyamaza. Kisha mzee akanifuata kwenye ngazi.

"Daktari," akasema, "ile karatasi yako, unaweza kuniandikia ingine?"